Kubadilisha seva ya zamani ya TMG

Mwalimu, umeuliza mfanye nini na seva ya Forefront TMG 2010, ile programu ya Microsoft ya ukuta wa usalama wa mtandao (firewall), inayolinda intaneti ya shule yenu pale Mbale: iondoeni tu. Microsoft iliacha kuitolea marekebisho ya usalama tarehe 14 Aprili 2020, na hakuna toleo jipya lililoirithi.

Mahali pake wekeni OPNsense, nayo ni firewall. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inaendeshwa juu ya mfumo endeshi wa FreeBSD. Kompyuta ya mezani iliyotumika kutoka Kampala inatosha, mradi iwe ya biti 64, iwe na RAM ya GB 8 na kadi mbili za mtandao. Kadi ziwe za Intel! Za Realtek mara nyingi husumbua kwenye FreeBSD. Wakati wa kuisakinisha chagueni ZFS badala ya UFS (ni mifumo ya kupanga faili kwenye diski), maana umeme ukikatika ghafla ZFS huvumilia zaidi. UPS (betri ya akiba ya umeme) nayo bado mnaihitaji.

Msitegemee kuhamisha sheria za TMG moja kwa moja. Ziandikeni upya kwa mkono. Nyingi mtaona hazina kazi tena. Squid, programu ya kuhifadhi nakala za kurasa za wavuti, ningeiacha, kwani siku hizi karibu kila tovuti ni HTTPS, yaani imesimbwa, na Squid haiwezi kuona kilichomo. Kuzuia tovuti chafu kwa wanafunzi, orodha za kuzuia majina ya tovuti ndani ya Unbound, sehemu ya OPNsense inayotafuta anwani za tovuti (DNS), zinatosha kwa kuanzia.

Mipangilio yote ya OPNsense hukaa kwenye faili moja ya XML. Ipakueni, muihifadhi nje ya mashine hiyo.