Mtoto hatulii na mvua hizi, nimfanye nini?

SUALI: Asalaam aleikum Shangazi. Mie nakaa flati za Michenzani, ghorofa ya tatu, nna mtoto wa kiume mwaka na miezi tisa. Tangu mvua za masika zianze hatutoki nje na yeye kama katiwa betri, anarusha kila anachokishika, juzi karusha rimoti ikapita dirishani tukaiokota chini vipande vipande. Anapanda kochi anaruka, jirani wa chini ashakuja mara mbili. Nikimpa simu ananyamaza ila mamkwe anasema namharibu, tena anasema mtoto huyu mtukutu atiwe adabu mapema. Na vitu vya kuchezea vya madukani bei yake siiwezi.

JAWABU: Waaleikum salaam mwanangu. Kilichonishtua si rimoti, ni dirisha. Kama kochi liko chini yake basi liondoe leo leo, kabla hujamaliza kusoma hapa.

Sasa, kwenye simu mamkwe wako kasema kweli. Muongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, akifika miwili isizidi saa moja kwa siku. Ila kwenye utukutu siko naye. Mtoto wa umri huo mkono wake ndo kwanza umejua kurusha, anataka aone kitu kinaangukia wapi na kinalia vipi, na muongozo huo huo unataka mwili wake uchangamke si chini ya dakika 180 kwa siku. Usishtuke, si mfululizo, dakika kumi hapa, robo saa kule, hata kukufata fata jikoni kumo.

Kwa hiyo usimkataze kurusha, mbadilishie kitu cha kurusha. Chukua soksi zikunje ziwe vidonge, weka beseni la kufulia karibu na miguu yake kabisa, akishapata lisogeze nyuma kidogo. Atakosa sana, na huko kukosa ndo kuzuri maana anakwenda, anachutama, anaokota, anainuka, ukihesabu utakuta kainama mara thelathini na weye umekaa zako unachambua mchele. Kuruka nako hivo hivo, teremsha godoro chini, mito juu yake, apande na kushuka hapo na weye uwe karibu, kishindo kinapungua na jirani atapumua (ila si mchana wakati watu wamejinyoosha, fanya baada ya alasiri).

Halafu kuvuta. Wangu wa mwisho nilimfungia kanga kuukuu kwenye pakacha nikatia nazi mbili zilofuliwa, akaliburura ukumbini asubuhi nzima mpaka likatoboka chini, nazi moja ikabiringika hadi mlangoni na yeye mbio nyuma yake, basi mchezo ukawa huo, pakacha hakulitaka tena. Kitu kizito kidogo wanakipenda, na wakishachoka nacho wanalala vizuri.

Kanga lakini ukimaliza ikunje uiweke juu, isije ikamzunguka shingoni. Ndoo ya maji usiiache wazi hata maji yakiwa kidogo, mtoto kichwa chake kizito, akiingia kichwa chini hawezi kujitoa. Mbuzi ya nazi, visoda, betri za hiyo rimoti, vyote mbali.

SUALI: Shangazi, nipo Wete, mtoto wangu miezi kumi na moja, babake anataka kumnunulia kile kigari cha magurudumu anachokaa ndani akajifunza kutembea. Kizuri?

JAWABU: Mwambie babake hizo pesa anunue samaki. Kigari kile hakimfundishi mtoto kutembea, kinamfikisha tu haraka kwenye ngazi na kwenye jiko la mkaa kabla hujageuka, na Kanada walipiga marufuku kuviuza tangu 2004. Tafuta boksi tupu la dukani, tia nguo na kilo mbili tatu za mchele chini lisimpinduke, asimame nalo alisukume peku kwenye sakafu. Likichanika dukani yapo mengine.