Jibu: Klorofili ya mchicha kugeuka kahawia

Mwalimu, umeuliza kwa nini klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, wanayotoa wanafunzi wako kwenye mchicha inageuka kahawia kabla ya kupimwa. Ni asidi ya jani lenyewe: ukisaga, majimaji ya seli yanamwagika na kuing'oa magnesiamu iliyo katikati ya klorofili. Kinachobaki ni feofitini, rangi ya zeituni iliyofifia.

Mchicha uliolala sokoni kwa joto hili la Dar umeshachoka. Tafuta uliochumwa asubuhi. Chukua gramu 0.5 bila vikonyo, saga kwenye kinu kilichopoozwa kwa barafu, na mililita 10 za asetoni ya asilimia 80. Tia kalsiamu kaboneti kidogo tu, inatuliza asidi. Wengi huisahau hii! Funika kwa foili, mwanga nao unaiharibu klorofili. Chuja, kisha pima papo hapo kwa spektrofotomita (kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa) kwenye urefu wa mawimbi wa nanomita 663 na 645.