Punguza mwendo au punguza kasi?

Msomaji wetu wa Ngamiani, Tanga, anayefundisha tuisheni ya fizikia jioni, anauliza: "Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza wanachanganya mwendo, kasi na mwendokasi. Nikisema leo tunaanza mada ya mwendo, wananiuliza ni kilomita ngapi kwa saa. Je, maneno haya ni mamoja? Na mwendo wa kwenda mbele na kurudi nyuma tu nauiteje? Mwenzangu anauita mwendo wa upande mmoja."

Mwalimu, wanafunzi wako hawajakosea Kiswahili. Neno mwendo lina mzigo mzito. Kibao cha barabarani kinaposema "Punguza mwendo", maana yake ni kasi. Bibi akikwambia shamba liko mwendo wa saa mbili, anataja umbali, tena umbali aliopima kwa saa. Yule mwenye mwendo wa maringo tunamsifia namna anavyotembea. Mtaani maana hizi zote ni halali, na hakuna anayepotea, kwa sababu mazungumzo yenyewe yanaonyesha ipi inakusudiwa. Fizikia haina nafasi hiyo. Kwa hiyo ningekushauri uliachie mwendo kazi moja tu darasani: kitu kubadili mahali kadiri muda unavyopita. Ukitaka kutaja ni mita ngapi kwa sekunde, sema kasi.

Mwendokasi nalo ni neno zuri, na vitabu vingi vinalitumia kwa maana hiyohiyo ya kasi. Ila tangu mabasi yaendayo haraka yaanze kazi Dar es Salaam mwaka 2016, mtoto akisikia mwendokasi anaona basi. Kasi ni fupi na haina utata huo. Ukiamua kubaki na mwendokasi, angalia ngeli: tunasema mwendokasi *wa* baiskeli, kwa kuwa neno linaloongoza ni mwendo, lakini kasi *ya* baiskeli.

Jina analotumia mwenzako silikubali. Mwendo wa upande mmoja ni wa kwenda bila kurudi, kama gari kwenye barabara isiyoruhusu kurudi. Mwendo unaouzungumzia wewe una pande mbili, chanya na hasi. Kilicho kimoja ni mstari. Uite mwendo katika mstari mnyoofu.

Hapo ndipo baiskeli zenu za Tanga zinapofaa kuliko mchoro wowote. Chukua mtaa mmoja ulionyooka wa Ngamiani. Kijana anatoka nyumbani kwao, anaendesha mita 300 hadi dukani kwa sekunde 60, anageuza papo hapo na kurudi kwa sekunde 60 nyingine. Umbali aliokwenda ni mita 600, na kasi yake ya wastani ni mita 5 kwa sekunde. Lakini yuko palepale alipoanzia, basi badiliko lake la mahali ni sifuri. Wapo wanaoliita hilo uhamisho. Mimi nalikwepa, kwani kwa mwalimu na watoto wake uhamisho ni barua ya kupelekwa kituo kingine cha kazi. Mji wenu wenyewe unasifika kwa "waja leo waondoka leo": aliyetoka Korogwe asubuhi akarudi jioni amemaliza kilomita nyingi, na badiliko lake la mahali ni sifuri vilevile.

Kasi ikitajwa pamoja na upande inakuwa kasimwelekeo. Wengine husema velositi, nalo si kosa. Kijana wetu alipokwenda alikuwa na kasimwelekeo ya wastani ya +5, aliporudi −5, na kwa safari nzima ni sifuri. Mkiulizana kwa nini kasi haikuwa sifuri nayo, mmeingia ndani ya somo.

Limebaki neno ambalo hukuliuliza, ila utakutana nalo wiki ijayo: mchapuko. Linatokana na kuchapuka, na tunapomwambia mtu "chapuka!" tunataka aongeze kasi. Katika fizikia mchapuko ni badiliko lolote la kasimwelekeo kadiri muda unavyopita, hata la kupungua. Kijana akishika breki karibu na duka, huku akielekea upande wa chanya, naye ana mchapuko, ila ni hasi. Waeleze hilo mapema, siku ileile unapolitaja neno, kwa sababu sikio la Mswahili litakataa kumwita anayefunga breki kuwa anachapuka.