Maswali ya wasomaji: Wanaangalia stetasi, hawanunui

Swali: Nauza dagaa wakavu hapa Mwaloni, Kirumba. Kila siku naweka picha kwenye stetasi ya WhatsApp na watu zaidi ya mia wanaiangalia, ila anayenunua ni mmoja au hakuna kabisa. Mfano wa tangazo langu: "Dagaa safi wa Mwanza, bei njoo inbox." Nakosea wapi?
Mama wa dagaa, Mwanza

Jibu: Mama, kosa liko kwenye hayo maneno matatu ya mwisho. Mteja aliyeko Dodoma au Morogoro akiona bei imefichwa anapita. Wengine wanaona haya kuuliza bei kisha wakashindwa kununua, na wengine wanahisi utawapangia bei kwa kuwaangalia sura. Andika bei wazi, tena kwa kipimo ambacho mtu wa mbali anakielewa. Sado ya muuzaji mmoja ina kilele, ya mwenzake imefutwa kwa mkono, kwa hiyo pima kwenye mizani na utaje kilo. Ongeza gharama ya kutuma mzigo kwa basi hadi mkoani kwake na siku unazotuma. Mtu akishajua jumla ya hela itakayomtoka, ndipo anapoagiza.

Upande wa picha, usipige saa sita mchana. Dagaa wana mng'ao, na jua la utosini linawafanya wote waonekane weupe tu, bila umbo. Piga kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Futa kwanza kioo cha kamera kwa kitambaa kikavu, maana vidole vyenye mafuta ya samaki vinaacha ukungu. Kisha sogea karibu badala ya kuvuta picha kwa vidole.

Kinachouza zaidi ya picha ni video ya kuondoa hofu, na hofu ya kila mnunuzi wa dagaa ni mchanga. Kama wako wameanikwa kwenye chanja, onyesha hivyo: bakuli la kioo, maji, konzi mbili za dagaa, koroga, watoe, kisha leta simu karibu na chini ya bakuli. Sekunde 30 zinatosha, lakini irekodi moja kwa moja bila kuikata, kwa sababu video iliyokatwa katikati inazua maswali. Kama walianikwa mchangani, sema hivyo na uwauze kwa bei yao. Mteja aliyetafuna mchanga mezani kwake harudi, na atawaambia majirani.

Swali: Nina listi ya matangazo ya wateja 200 kwenye WhatsApp. Nikiwauliza, wengi wanasema hawajapata ujumbe wowote. Simu yangu mbovu?
Muuza vitenge, Makoroboi

Jibu: Simu ni nzima. Ujumbe wa listi unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako, hata kama wewe unayo yake. Bonyeza ujumbe uliotuma na uushikilie, fungua maelezo yake, utaona majina ya waliofikiwa. Stetasi ni kali zaidi: lazima kila mmoja awe amehifadhi namba ya mwenzake. Kwa hiyo, unapomfungia mteja kitenge chake, mwombe aihifadhi namba papo hapo kwa jina la biashara. Listi moja inachukua watu 256, ukizidi fungua ya pili. Mara mbili kwa wiki inatosha. Na kaa mbali na zile WhatsApp zilizochezewa, zisizo rasmi, zinazotuma ujumbe kwa maelfu. Namba hufungiwa, na wateja wote wanaondoka nayo.

Swali: Nilipie tangazo Facebook?
Fundi samani, Buzuruga

Jibu: Lipia posti ambayo tayari imeleta watu wanaouliza kwa dhati, si ile unayoipenda wewe. Kwenye eneo, chagua Mwanza badala ya Tanzania nzima. Kabati halisafirishiki kirahisi hadi Mtwara, na hela yako itaishia kwa watu wa huko.

Swali: Mteja wa Instagram alinitumia picha ya muamala, nikampa bodaboda mzigo. Hela haikuingia.
Muuza viatu, Igoma

Jibu: Pole sana, ndugu. Picha ya muamala hutengenezwa kwa dakika chache, na hata SMS inaweza kughushiwa. Kama imetoka kwenye namba ya kawaida ya simu, usiiamini. Kabla ya bodaboda kuondoka, fungua menyu ya mtandao wako (M-Pesa ni *150*00#) na uangalie salio. Mteja akikuharakisha, ndipo ukague mara mbili.