Boila imebaki miaka mingapi? Uliza joto kabla ya kuuliza saa

Msimu wa alizeti ukikaribia, wenye viwanda vya kukamua mafuta huku Dodoma na Singida huniuliza swali lilelile: boila hii imebakiza miaka mingapi? Wengine wameshasoma habari za mitambo mikubwa ya umeme, wanataka niwapigie hesabu zake hapohapo. Nami huwauliza: chuma chako kinafanya kazi kwenye joto gani?

Katika mtambo wa umeme, mvuke hupashwa kwenye supahita, yaani mabomba ya kuongezea mvuke joto, hadi nyuzi 540 hivi za Selsiasi. Kwa joto hilo chuma hutanuka polepole na kwa kudumu, hata kama presha haijawahi kuzidi. Hiyo ndiyo krip. Mabomba mengi ya aina hiyo yalisanifiwa kwa saa 100,000, yaani miaka 11 na ushee bila kuzimwa. Basi vijana wetu huchukua 100,000, wanatoa saa zilizokwisha kutumika, wanaandika jibu. Hesabu hiyo haifai. Kanuni ya Larson-Miller, ya kukadiria umri wa chuma chenye krip, huchukua joto la chuma kwa kelvini (Selsiasi jumlisha 273), likazidishwa kwa jumla ya 20 na logi ya saa; logi ya 100,000 ni 5. Kwa nyuzi 540 na saa 100,000, ni 813 mara 25: 20,325. Sasa bomba hilohilo, kwa mkazo uleule, lifanye kazi kwa nyuzi 550; namba hiyo haibadiliki. Saa zinashuka hadi karibu 50,000! Nyuzi 10 zimekula nusu ya umri, na geji wala haijashtuka, kwa sababu inapima mvuke, haipimi ukuta wa bomba.

Joto la ukuta huo utalipata ndani ya bomba lenyewe. Mvuke hujenga tabaka la oksidi ambalo unene wake hufuata joto na muda. Kata kipande upande unaopigwa zaidi na moto, pima tabaka kwa hadubini, na ukijua saa zilizopita utakadiria wastani wa joto. Mimi huamini kipande hicho kuliko kabati zima la madaftari ya zamu. Heda nene, yaani bomba kuu linalounganisha mabomba madogo, huwezi kuikatakata ovyo, kwa hiyo ng'arisha sehemu jirani na weldi, ipake asidi, chukua nakala yake kwa utando wa plastiki, kisha tafuta vitundu mipakani mwa chembe za chuma. Vikishaungana kuwa nyufa, weka kalkuleta pembeni.

Turudi kwenye boila ya alizeti. Kwa presha ya ba 10, mvuke wake una nyuzi 184 tu, ilhali chuma cha kawaida huanza kusumbuliwa na krip karibu na nyuzi 400. Larson-Miller hana kazi hapo. Adui ni maji magumu ya visima: ukoko unaoganda kwenye mirija huzuia joto lisiingie majini, na chuma kinabaki kuungua. Lainisha maji kwanza. Halafu pima unene kwa altrasaundi kila mwaka, kwenye alama zilezile, ugawanye unene uliobaki juu ya kiwango cha chini kinachoruhusiwa kwa upungufu wa mwaka mmoja; hapo utapata miaka iliyobaki. Alama zikihamahama, ripoti hiyo ni pambo la ofisini.

Na msimu ukiisha, usiiache boila na maji nusu. Hewa na unyevu vitaitafuna ikiwa imelala, na kutu hiyo huchimba vishimo ambavyo altrasaundi inaweza kuviruka. Ama uikaushe kabisa na kuifunga ikiwa na dawa ya kunyonya unyevu, ama uijaze pomoni maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa oksijeni.