Maswali ya Wasomaji: Siti ya Baiskeli kwa Mwanamke Anayeshindana

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 22, mkazi wa Igoma hapa Mwanza, na ninafanya mazoezi ya mbio za baiskeli katika barabara ya kwenda Magu. Baiskeli yangu ni ya mtumba, ya mbio, yenye usukani uliopinda kwa chini. Kila nikishapita Kisesa naanza kusikia maumivu sehemu za mbele, halafu ganzi, na nikifika nyumbani nakuta nimechubuka. Nilinunua siti pana yenye sifongo nene, nikaivalisha na kava laini juu yake, lakini hali imezidi kuwa mbaya. Wenzangu wa kiume wananiambia nivumilie, eti nitazoea. Je, ni kweli? Na siti ipi inamfaa mwanamke wa mashindano?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Maumivu kidogo ya makalio katika wiki za mwanzo huzoeleka, lakini ganzi ya sehemu za mbele haizoeleki wala haipaswi kuvumiliwa, kwa sababu ni dalili kwamba mishipa ya fahamu na ya damu inabanwa. Mwaka 2019 Hannah Dines, mwendesha baiskeli wa Uingereza aliyeshiriki Michezo ya Paralimpiki ya Rio mwaka 2016, alieleza hadharani kwamba alifanyiwa upasuaji wa uvimbe uliotokana na miaka mingi ya kugandamizwa na siti. Wanaokuambia uvumilie wana maumbile mengine, na katika jambo hili ushauri wao hauna uzito.

Kosa lako ni la wengi: umetafuta ulaini badala ya kipimo. Ukikaa kwenye benchi na kuweka viganja chini ya makalio utaigusa mifupa miwili migumu, na hiyo ndiyo inayopaswa kubeba uzito wako. Siti yenye sifongo nene huiacha mifupa hiyo izame, na sifongo iliyosukumwa pembeni hupanda katikati na kukandamiza nyama laini ambazo hazikuumbwa kukaliwa. Kava unaloongeza juu yake hukoleza tatizo hilohilo, tena huteleza na kuchubua. Siti ngumu kiasi, yenye upana unaolingana na mifupa yako, ndiyo itakayokufikisha Magu ukiwa salama.

Kipimo utakipata nyumbani bila gharama. Kata upande mmoja wa boksi la katoni, lile lenye mikunjo ndani, uweke juu ya kigoda kigumu, kisha ukalie ukiwa umevaa nguo nyepesi na umeinama mbele kama unayeshika usukani. Inua miguu kidogo ili uzito wote ushuke, halafu simama. Utaona mabonyeo mawili. Weka alama ya kalamu katikati ya kila moja na upime umbali kati yake kwa rula. Kwa wanawake wengi umbali huo huwa kati ya sentimita 10 na 15. Ongeza sentimita 2 ikiwa unaendesha ukiwa umeinama sana, au 3 ikiwa unakaa wima zaidi, na hapo utakuwa na upana wa kuanzia kutafuta. Kiwanda cha Specialized, kwa mfano, hutoa aina moja ya siti kwa upana wa milimita 143, 155 na 168, na mara nyingi namba hiyo huandikwa chini ya siti. Usinunue kwa sababu tu umeambiwa ni siti ya kike. Ni kweli kwamba nyonga za wanawake kwa wastani ni pana kuliko za wanaume, lakini wapo wanawake wenye mifupa iliyokaribiana, na nyingine ya zile ziitwazo siti za kike haina cha kike zaidi ya rangi ya waridi.

Upana peke yake hautoshi kwa mtu wa mbio. Waliotazama Mashindano ya Dunia ya mbio za baiskeli ya Kigali mwezi Septemba 2025, yaliyofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, waliona jinsi wanawake walioshindana walivyoinama kwa muda mrefu huku migongo ikikaribia kulala. Mtu akiinama hivyo nyonga huzungukia mbele, na uzito huhama kutoka nyuma ya siti kuelekea kwenye mfupa wa kinena na mashavu ya uke. Ndiyo maana siti yenye springi ya baiskeli ya Phoenix, ambayo mama zetu wameikalia miaka yote kwenda mnadani na kurudi bila malalamiko, haimfai anayeshindana, kwani ilitengenezwa kwa mtu aliyekaa wima. Wewe tafuta siti yenye uwazi au mfereji mrefu katikati na pua fupi, yaani ncha yake ya mbele. Pitisha kidole kwenye kingo za uwazi huo. Zikiwa kali zitakukata, na katika hali hiyo mfereji uliojazwa sifongo laini ni bora kuliko tundu tupu. Ukiwa unanunua ya mtumba, igeuze uangalie kama vyuma vyake viwili vya chini vimepinda au kama plastiki imepasuka, kwa maana siti iliyopinda upande mmoja huumiza hata ikiwa na kipimo sahihi.

Kabla ya kutoa fedha, hata hivyo, rekebisha uliyonayo. Azima pimamaji kwa fundi mwashi, iweke juu ya siti kutoka nyuma hadi kwenye pua, na uanze ikiwa imelala sawasawa. Maumivu ya mbele yakibaki, teremsha pua kidogo sana, nyuzi 1 hadi 3. Kanuni za shirikisho la kimataifa, UCI, zinaruhusu mwinamo hadi nyuzi 9, lakini ukizidisha utakuwa unateleza mbele na kubebwa na mikono. Kisha angalia urefu: ukiwa umekaa, kisigino kikiwa juu ya pedeli iliyoshuka chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Siti iliyo juu mno hukufanya uyumbe kulia na kushoto kwa kila mzunguko, na hapo ndipo michubuko inapotoka. Badilisha jambo moja tu kwa safari moja, la sivyo hutajua lipi limekusaidia.

Jambo ninalolishuku zaidi kwako ni fremu. Baiskeli nyingi za mbio za mtumba zilikuwa za wanaume warefu, na mwanamke anayelazimika kunyoosha mikono kuufikia usukani hujikuta amesogea na kukalia pua ya siti. Fundi akikuwekea shingo fupi ya usukani, yaani kile chuma kinachounganisha usukani na fremu, huenda hata siti ya zamani ikakutosha.

Kuhusu mavazi nitasema machache. Vaa bukta ya baiskeli yenye pedi, bila chupi ndani, kwa kuwa mishono ya chupi ndiyo inayochubua. Ukifika nyumbani ivue mara moja, ifue kwa sabuni na uianike juani. Punguza pia kunyoa sehemu hizo. Timu ya wanawake ya Uingereza ilishauriwa hivyo kabla ya Rio na malalamiko ya vidonda yakapungua.

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Niko Sengerema, nimeolewa mwaka jana, na ninashiriki mbio za baiskeli. Mama mkwe anasema siti itaniharibu kizazi. Nimjibu nini?

JIBU: Salama, dada. Mama mkwe ana haki ya kujali, basi mweleze kwa heshima kwamba mji wa mimba umekaa ndani ya nyonga, umezungukwa na mifupa, wala siti haiufikii. Kinachoumia ni ngozi na nyama za nje. Mwambie pia habari za Lizzie Deignan wa Uingereza, aliyejifungua mtoto Septemba 2018 na Oktoba 2021 akashinda mbio za kwanza za wanawake za Paris-Roubaix, zinazopita juu ya barabara za mawe. Ukipata ujauzito, mpango wa mazoezi uupange na mkunga. Na kama una uvimbe usioisha, kidonda kinachotoa usaha, au ganzi inayobaki baada ya kushuka kwenye baiskeli, acha kuendesha na uende hospitali, umweleze daktari wazi kwamba unaendesha kwa mashindano na ni kilomita ngapi kwa wiki.