"Acute" kwenye cheti cha hospitali haina maana kwamba mgonjwa yuko hoi

Mleta mada, umesema mama kaandikiwa "acute bronchitis" (bronkaitisi, uvimbe wa njia za hewa za mapafu), kamusi ikakupa "kali" kwa "acute", na nyumbani hamjalala. Nimetafsiri fomu na vipeperushi vya hospitali kwa muda mrefu, na hili neno huwatisha watu bure.

Daktari akiandika "acute" anazungumzia mwendo wa ugonjwa: umeanza ghafla, na mara nyingi hauchukui muda mrefu. Kinyume chake ni "chronic", yaani sugu. Hata mafua ya kawaida ni "acute". Bronkaitisi ya namna hiyo mara nyingi huisha yenyewe, ila kikohozi huweza kuburuza wiki mbili tatu. Kikipita hapo, au akibanwa pumzi au kukohoa damu, mrudisheni hospitali, apimwe na kifua kikuu.

Ila msilipuuze neno. Saratani ya damu ikiwa "acute" huenda mbio, isipotibiwa inaua haraka. Hali ikiwa mbaya, neno lake ni "severe". Malaria kali tunayoijua wao huiita "severe malaria". Ndiyo maana mimi "acute" naiandika "ya ghafla", na "kali" naiwekea "severe". Ukizichanganya, muuguzi na mgonjwa hawataelewana.

Kamusi nayo haikutunga. Neno limetoka Kilatini, acutus, yaani kilichonolewa, ndugu wa acus, sindano. Kwenye hesabu liko vilevile: pembe kali ni "acute", pembe butu ni "obtuse", Kilatini tena, kitu kilichopondwa makali yakaisha.

Kinachonifurahisha zaidi ni watoto wake. Febris acuta, homa ya ghafla, ilipitia Kifaransa, ikafika Uingereza "homa" imedondoka njiani. Kilichobaki ni "ague", homa ya kutetemeka, mara nyingi malaria ya mabwawa ya kwao. Shakespeare analitumia. Kisha karne ya 18 wakaikata "acute" kichwa, ikabaki "cute", yaani mjanja, mwenye akili kali. Wamarekani ndio walioipeleka kwenye urembo karne ya 19.

Na gazeti likikuandikia "acute shortage of water", hapo sahau habari ya ghafla. Ni uhaba mkubwa tu, hata kama bomba halijatoa tone tangu mwaka juzi.